Herufi 12 za Nattilik

Swali la wanaopinga juhudi za kuziingiza herufi hizi kwenye kompyuta na simu si la kipuuzi. Wainuit wa Nattilik, kaskazini kabisa mwa Kanada, ni wachache, na wengi wao wanaishi Gjoa Haven, Taloyoak na Kugaaruk. Herufi za Kilatini ziko kwenye kila simu. Kulikuwa na haja gani ya kuhangaikia silabi 12, yaani herufi ambazo kila moja husimama kwa silabi nzima, mpaka Yunikodi, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, izipokee Septemba 2021?

Hoja hiyo ilipata nguvu mwaka 2019, pale Inuit Tapiriit Kanatami, chombo cha kitaifa cha Wainuit wa Kanada, kilipopitisha tahajia moja ya Kilatini iitwayo Inuktut Qaliujaaqpait. Wainuit walikuwa na mifumo tisa ya kuandika, na kitabu cha shule kilichotungwa mkoa mmoja kiliwapa taabu wasomaji wa mkoa mwingine. Mwalimu asiye na vitabu vya kutosha ana haki ya kuchoka na mjadala wa herufi. Hata hivyo, tahajia hiyo ililetwa kama mfumo wa kusaidia, si wa kuziondoa silabi.

Ila hili la "tumieni kilichopo" Wainuit walishaambiwa zamani. Katika maandishi yao umbo ndilo konsonanti, na upande linakoelekea ndio irabu: ᐱ ni pi, ᐳ ni pu, ᐸ ni pa. Palikuwa pia na safu ya nne, ᐯ, yaani pai. Mwaka 1976, tahajia iliposanifishwa, safu hiyo ya nne ikafutwa, na sababu inayotajwa zaidi ni taipureta. Mashine za IBM za wakati huo zilipiga chapa kwa kijimpira chenye nafasi 88, na silabi zote hazikuenea. Basi pai ikaandikwa ᐸᐃ, silabi mbili mahali pa moja. Tafakari kidogo: kijimpira cha kutosha kiganjani kiliamua watoto wafundishwe herufi zipi. Wainuit wa Nunavik, huko Quebec, hawakuridhika, wakairudisha safu yao. Yunikodi ilipoingiza silabi 630 za lugha mbalimbali za Kanada mwaka 1999, ᐯ ilikuwamo, kwa hiyo leo hakuna anayelazimika kuiacha kwa sababu ya mashine.

Wanattilik hawakuwa na bahati hiyo. Silabi zao za h, na za ile sauti iliyosajiliwa kwa jina la shr, hazikuwamo katika zile 630, na ziliendelea kukosekana kwa miaka 22. Mkono uliweza kuziandika, simu haikuweza. Wasomaji wa tenzi zetu za kale wanaielewa hali hii: hati ya Kiarabu haikuwa na p wala ch, mwandishi akaazima herufi ya jirani, msomaji akabaki kubahatisha.

Wapo waliosema fonti maalumu ingetosha. Fonti za namna hiyo zilitumika sana kabla ya Yunikodi: silabi zilikalishwa juu ya namba za herufi za Kilatini, na barua ikifika kwenye kompyuta isiyo na fonti ileile inageuka mchafukoge wa a, q na mabano. Huwezi kutafuta neno ndani yake, na jina la mtu linapotea kwenye rejista. Namba ya Yunikodi ikishatolewa haifutwi wala haihamishwi.

Wapinzani wana jambo moja ambalo silioni jibu lake la haraka. Namba peke yake haiandiki kitu. Panahitajika fonti na kibodi, na silabi hizi 12 zimewekwa mbali na zile 630, katika eneo ambalo programu za zamani hazilimudu vizuri. Kwenye simu ambayo haijapata fonti mpya, Mnattilik aliyeandika kwa usahihi bado anamtumia mwenzake vijisanduku vitupu.