Mafunzo ya uhifadhi yasiyompa mwenye shamba mamlaka ya kuamua

Karibu kila mradi wa uhifadhi una kifungu cha kuwajengea uwezo wananchi wenye ardhi vijijini. Wataalamu hufika, washiriki hukaa ukumbini siku mbili tatu wakisikiliza habari za mmomonyoko, rutuba na faida za wanyamapori, posho hulipwa, vyeti hugawiwa, na ripoti huandikwa ikitaja idadi ya waliofunzwa. Sipingi mafunzo. Ninachokipinga ni dhana iliyojificha nyuma ya utaratibu huo, kwamba ardhi inachakaa na wanyama wanapungua kwa sababu mwenye shamba hajui. Mara nyingi anajua vizuri kabisa, kwa kuwa yeye ndiye anayeliona korongo likipanuka kila masika. Anachokikosa ni mamlaka ya kuamua juu ya kile anachofundishwa kukitunza, na mafunzo yasiyoligusa jambo hilo yatabaki kuwa maneno.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Niger. Mwaka 1983 mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, aliyekuwa amechoshwa na kupanda miche iliyokufa kwa ukame, aligundua kwamba vichaka vilivyotapakaa katika mashamba ya eneo la Maradi vilikuwa visiki vya miti iliyokatwa, na mizizi yake ilikuwa bado hai chini ya ardhi. Njia iliyotokana na ugunduzi huo ni rahisi: mkulima huchagua machipukizi machache yenye nguvu, hupogoa yaliyobaki, kisha huyalinda dhidi ya mifugo na shoka. Somo lenyewe halimalizi hata asubuhi moja. Kwa nini basi wakulima wale hawakuwa wakifanya hivyo zamani? Sababu mojawapo kubwa ni kwamba sheria zilizorithiwa kutoka kwa ukoloni ziliihesabu miti kuwa mali ya serikali, hivyo aliyeuacha mti ukue shambani mwake alikuwa akimtunzia mwingine, na tena alijiweka katika hatari ya kutozwa faini siku atakapoukata. Usimamizi wa sheria hizo ulipolegezwa na wakulima wakaanza kuihesabu miti kuwa yao, njia hiyo ilienea kutoka kijiji hadi kijiji, na katika muda wa miaka takriban 20 hekta zipatazo milioni 5 zilirudi kuwa na miti. Hakuna bajeti ya semina ambayo ingeweza kufika huko kote. Wengi walijifunza kwa kutazama shamba la jirani.

Kwa upande wa wanyamapori, Namibia ilipita njia hiyohiyo. Sheria ya mwaka 1996 iliziruhusu jamii zinazoishi katika ardhi ya pamoja kuunda hifadhi zao, kuchagua kamati na kunufaika na utalii na uwindaji unaoratibiwa. Hifadhi za kwanza zilisajiliwa mwaka 1998, na leo zimezidi 80, zikichukua karibu sehemu moja ya tano ya nchi. Hapo mafunzo ya kuhesabu wanyama, kutunza daftari za doria na kusimamia mapato yalikuwa na maana, kwa sababu aliyefundishwa kuhesabu alikuwa na neno katika uamuzi uliofuata hesabu hiyo.

Mamlaka yakishakuwepo, ndipo namna ya kufundisha inapostahili kujadiliwa, na hapa naona tumeacha njia nzuri iliyokwisha kujaribiwa. Miaka ya 1980 mashamba ya mpunga ya Indonesia yalishambuliwa na mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza utomvu, na kila dawa ilipozidi kupulizwa ndivyo mdudu alivyozidi kuongezeka, kwa kuwa dawa iliwaua buibui na viumbe wengine wanaomla. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku aina 57 za dawa katika mpunga, na kuanzia mwaka 1989 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kuanzisha mashamba darasa. Kikundi cha wakulima kilikutana kila wiki kwa msimu mzima, kikahesabu wadudu shinani, kikachora kilichokiona na kubishana juu ya hatua ya kuchukua. Walimfungia buibui pamoja na wadudu waharibifu katika kizimba kidogo ili waone wenyewe nani anamla nani. Mkulima aliyeyaona hayo hahitaji kuhubiriwa umuhimu wa bioanuwai. Mimi ningependa kila somo la uhifadhi lifundishwe hivyo, na cheti, kama ni lazima kiwepo, kitolewe baada ya msimu wa pili, kwa aliyebadilisha kitu katika ardhi yake.

Kuna pia maarifa ambayo mkufunzi huyakuta. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 nchini Tanzania, ulifanikiwa zaidi ulipoujenga mpango wake juu ya ngitili, yaani malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili mifugo iyatumie kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zilirejeshwa. Aliyekuja kufundisha alilazimika kwanza kufundishwa.

Lakini kwenye wanyamapori wakufunzi wengi hawasemi ukweli wote. Tembo akipita usiku katika mahindi yaliyokomaa, familia inaweza kupoteza chakula cha mwaka kabla ya mapambazuko, na kifuta jasho, pale kinapolipwa, huchelewa na hakilingani na hasara. Kumwambia mwenye shamba kwamba tembo ni urithi wa taifa bila kukiri gharama hiyo ni kumdharau. Heri kumfundisha mbinu pamoja na mipaka yake. Uzio wa mizinga ya nyuki, ambao Lucy King aliufanyia utafiti nchini Kenya, hutumia woga wa tembo kwa nyuki: mizinga huning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba, tembo akiugusa waya mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Mbinu hiyo hupunguza uvamizi na huleta asali, ila mwaka wa ukame nyuki huhama, na mizinga mitupu haimtishi tembo kwa muda mrefu. Mkulima ajulishwe hayo kabla hajatoa fedha yake, wala si baada ya kuvamiwa.

Isitoshe, mbinu ya shamba moja yaweza kuwa balaa kwa shamba la pili, maana tembo aliyezuiwa hapa hugeukia kwa jirani. Shoroba, yaani mapito ya wanyama, hazifuati mipaka ya hati. Ndiyo maana naona kumwita mshiriki mmoja mmoja kutoka kila kijiji, ili orodha ionekane imeenea wilaya nzima, ni kosa la mpangilio: afadhali kufundisha wenye mashamba wote wanaopakana na pito moja, wakae na ramani yao, wakubaliane wapi wataacha nafasi na nani atafidiwa na wenzake kwa kuiacha.

Hata mkutano wa namna hiyo utashindwa ikiwa waliokaribishwa ni wenye hati pekee. Katika sehemu nyingi hati ina jina la mume, ilhali anayechagua mbegu, anayekata kuni na anayemfukuza ngedere ni mke. Na aliyekodi shamba kwa mwaka mmoja hana sababu ya kuchimba makinga maji ambayo faida yake itaonekana mwaka wa tatu, hata akifundishwa na mtaalamu bora kuliko wote. Kwake yeye kazi ya kwanza ya mradi ingekuwa kumkutanisha na mwenye ardhi, waandikiane mkataba wa miaka mitano au zaidi unaosema nani atavuna miti na nani atalipia matuta, na somo la kuchimba lifuate baadaye.