Wanaobishana ni warithi

Jana usiku mjomba alituma kwenye kundi la familia ujumbe wa sauti wa dakika saba. Niliusikiliza wote, kwanza kwa sababu ni mjomba, na pili kwa sababu usipousikiliza atakupigia kuuliza kama umeusikiliza. Dakika sita za mwanzo zilikuwa yale yale ya siku zote, kwamba si binadamu anayeipasha dunia joto: jua, volkano, dunia ilishawahi kupata joto hata kabla ya magari. Ya saba ndiyo iliyonikosesha usingizi. "Hata hao wanasayansi wenyewe hawajaelewana," akasema. "Wakielewana, watuite."

Binamu watatu wakampigia makofi. Niliandika jibu refu, nikalifuta. Nikaandika jingine, nalo nikalifuta. Hili ni la tatu. Shikamoo, mjomba.

Nianze na jambo ambalo watu wa upande wangu hawapendi kulikiri: wanasayansi wa tabianchi wanabishana kweli. Tena wanabishana vibaya, mtu anaweza kumchambua mwenzake kurasa arobaini kwa ajili ya sehemu moja ya kumi ya nyuzijoto. Lakini umewahi kukaa kwenye kikao cha urithi? Kelele mpaka usiku, huyu anataka shamba, yule nyumba, mwingine anadai alimuuguza marehemu peke yake. Sasa mpita njia asikie zile kelele dirishani, kisha aende kutangaza kwamba familia ile bado haijakubaliana kama mzee amefariki.

Ndiyo hali ilivyo. Mwaka 1979 jopo la wanasayansi nchini Marekani, chini ya Jule Charney, lilikadiria kwamba hewa ukaa (ile inayotoka tukichoma mafuta na makaa) ikiongezeka maradufu angani, dunia itapanda joto kwa nyuzi kati ya 1.5 na 4.5. Zaidi ya miaka arobaini ya mabishano yaliyofuata yamefanyika humo ndani, na mchokozi mkubwa ni mawingu, maana mengine hukinga jua na mengine hutufunika kama blanketi. Ripoti ya mwaka 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, ililibana pengo likawa 2.5 hadi 4, na makadirio ya katikati 3. Katika vita yote hiyo, sifuri haikuwahi kuwa mgombea mwenye nafasi.

Na haingeweza kuwa. Mwaka 1856 Eunice Foote alichukua mitungi ya kioo, akaitia hewa za aina tofauti, akaianika juani na vipimajoto ndani. Wenye hewa ukaa ulipata joto kuliko mingine, na ukachelewa kupoa. (Kwenye mkutano wa wanasayansi, karatasi yake ilisomwa na mwanamume kwa niaba yake. Hilo ni hasira ya makala nyingine.) Mwaka 1896 Svante Arrhenius akakokotoa kwa mkono kiasi ambacho hewa hiyo ingeongeza joto la dunia, akapata namba kubwa kuliko tunayoikubali leo. Wote hao walikufa bila kujua kwamba siku moja kipimajoto kitakuwa na chama cha siasa.

Lakini kisa ninachotaka mjomba akisikilize mpaka mwisho ni cha setilaiti. John Christy na Roy Spencer, wa chuo kikuu kimoja huko Alabama, walianza kupima joto la angahewa kwa kutumia data za setilaiti, na katika miaka ya 1990 rekodi yao ilionyesha kwamba hewa ya chini haipati joto la maana. Ilikuwa sikukuu kwa wapinzani. Vipimajoto vya ardhini vinadanganya, walisema, setilaiti haina itikadi. Na nikiri, hoja haikuwa ya kijinga. Ningekuwepo kwenye ubishi ule, labda ningeyumba.

Wenzao walifanya nini? Hawakuwatukana, au tuseme hawakuishia kuwatukana. Walifungua hesabu. Mwaka 1998 Frank Wentz na Matthias Schabel walionyesha kwamba setilaiti zile zilikuwa zinashuka taratibu, zikivutwa na hewa nyembamba ya huko juu, na ule mshuko ulikuwa unazaa upoaji wa bandia kwenye rekodi. Mwaka 2005 Carl Mears na Wentz wakakuta kosa jingine. Setilaiti huwa zinateleza, zinachelewa au kuwahi saa zake za kupita juu ya eneo, kwa hiyo lazima urekebishe tofauti ya joto la asubuhi na la jioni. Marekebisho hayo yalikuwa yamefanywa, lakini kwa alama iliyogeuzwa. Palipotakiwa kujumlisha, palitolewa.

Hebu fikiria. Miaka ya hotuba za bungeni na safu za magazeti, yote imeegemea alama moja ya hesabu. Christy na Spencer walikubali kosa, wakalirekebisha, na leo rekodi yao wenyewe inaonyesha joto linapanda. Bado ni watu wenye mashaka kuhusu ukubwa wa hatari, na hiyo ni haki yao. Lakini tazama jinsi walivyoshindwa hoja ile: mtu alikaa na data zao akaonyesha mstari wenye kosa. Nioneshe upande wa pili wa huu "mjadala" mahali ambapo mtu amewahi kurudi kwenye kundi la familia akasema, jamani, ile video niliyowatumia Machi ilikuwa uongo.

Vipindi vya redio navyo vina dhambi yao. Viti viwili, mmoja anawakilisha maabara za dunia nzima, mwenzake amesoma makala mbili akiwa safarini, mtangazaji anagawa dakika kumi kumi na kuita hiyo haki. Kwa mtindo huo tungekuwa tunamwalika mtu wa kupinga kila kunapotangazwa kupatwa kwa mwezi. Wauza sigara walilijua hili zamani. Waraka wa ndani wa kampuni moja ya tumbaku wa mwaka 1969 uliandika waziwazi kwamba shaka ndiyo bidhaa yao. Hawakuhitaji kushinda hoja, walihitaji tu viti viwe viwili.

Haya, na mimi nilipe deni. Ripoti ya IPCC ya mwaka 2007 iliandika kwamba barafu za Himalaya zingeweza kutoweka ifikapo 2035, jambo lisilokuwa na msingi, na mwaka 2010 wakakiri. Barua pepe zilizoibwa mwaka 2009 kutoka chuo kikuu cha East Anglia zilionyesha watu wenye kiburi na uchoyo wa data, ingawa uchunguzi uliofuata haukukuta takwimu za kubuni. Na wanaharakati wetu wanaobandika mabadiliko ya tabianchi kwenye kila mvua inayonyesha wanamfanyia mjomba kazi bure.

Jua na volkano? Volkano zote kwa mwaka hazifikishi hata asilimia moja ya hewa ukaa tunayotoa sisi. Jua lingekuwa ndilo linalotuunguza, tabaka la juu la angahewa nalo lingepata joto, ilhali linapoa, kama wanasayansi Manabe na Wetherald walivyokuwa wamekokotoa mwaka 1967. Nimemaliza.

Limebaki lile la "wakielewana, watuite". Mwaka 1995 IPCC iliandika kwamba ushahidi ukipimwa, mkono wa binadamu unaonekana. Mwaka 2001 ikasema inaelekea sehemu kubwa ya ongezeko la joto la miaka hamsini iliyotangulia ni yetu. Mwaka 2007, inaelekea sana. Mwaka 2013, inaelekea mno. Mwaka 2021 wakaacha kuelekea, wakasema halina ubishi. Hewa ukaa ambayo Charles Keeling aliipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958 ikiwa takriban sehemu 315 kwa milioni, sasa imevuka 420.

Tumeitwa mara tano, mjomba. Kilichobaki mezani ni nani alipe, kiasi gani, na nani aanze. Hapo kipimajoto hakina jibu, na mimi sina ujuzi wa kukuzidi. Hapo njoo tubishane mpaka alfajiri.