Formula 1: kabla ya kupita, dereva aweze kukaribia

Mwaka 2010 Fernando Alonso alifika Abu Dhabi, kwenye mbio za mwisho za msimu, akiwa anaongoza msimamo wa madereva. Timu yake, Ferrari, ikamwita piti, yaani kituo cha kubadili matairi, mapema ili imdhibiti mpinzani wake Mark Webber, na aliporudi njiani akajikuta nyuma ya Renault ya Vitaly Petrov. Akakaa hapo kwa takriban mizunguko 40. Gari lake lilikuwa na kasi zaidi, naye ni bingwa mara mbili, lakini hakupata pa kupenya. Petrov alimaliza wa 6, Alonso wa 7, na ubingwa ukaenda kwa Sebastian Vettel.

Mpaka leo mashabiki wa mbio za magari yenye magurudumu wazi, kama Formula 1, wamegawanyika kuhusu mambo ya namna hii. Kuna wanaosema mashindano yasiyo na kupitana ni gwaride tu, na kuna wanaosema kupita kunapaswa kuwa kugumu, maana kikiwa rahisi kitendo hicho hakina thamani. Kila upande una hoja nzito. Ila mara nyingi wanabishania idadi ya magari yaliyopitwa, wakati kasoro yenyewe inatokea mapema zaidi, pale dereva wa nyuma anapojaribu kusogea karibu na kushindwa.

Gari la Formula 1 hukata kona kwa kasi kubwa kwa sababu hewa inaligandamiza chini. Mabawa yake na sakafu yake vimechongwa kwa kazi hiyo, na vinahitaji hewa iliyotulia. Gari lililo mbele likishapita, nyuma yake hubaki hewa iliyovurugika, ile ambayo madereva wanaiita hewa chafu. Anayefuata akiingia kona ya kasi ndani ya hewa hiyo, bawa la mbele linapoteza nguvu. Anakata usukani, pua ya gari inachelewa kuitika, gari linateleza kuelekea nje, na inambidi apunguze mafuta pale ambapo mwenzake wa mbele amekanyaga mpaka mwisho. Matairi yanayoteleza yanapata moto juu ya kiwango chake na mshiko unapungua zaidi. Baada ya mizunguko michache ya kung'ang'ania, dereva mwenyewe anarudi nyuma kidogo ili ayapooze.

Kwenye sehemu iliyonyooka mambo yanageuka. Kule kumfuata mwenzako kunasaidia, kwa kuwa wa mbele ndiye anayepasua hewa. Lakini ukitoka kwenye kona ukiwa umeachwa mita 30, msaada huo mara nyingi hauzibi pengo. Breki za kaboni nazo zinaminya nafasi iliyobaki: gari linatoka zaidi ya kilomita 300 kwa saa hadi chini ya 100 katika umbali mfupi mno, kwa hiyo hata anayejua sana kuchelewesha breki anamzidi mwenzake kwa mita chache tu.

Ukubwa wa tatizo ulipimwa. Kwa takwimu zilizotolewa na Formula 1 wenyewe, gari la mwaka 2021 likiwa mita 20 nyuma ya jingine lilipoteza asilimia 35 ya mgandamizo wa hewa unaolishika chini, na likiwa mita 10 lilipoteza asilimia 46. Kanuni mpya za 2022 zilihamishia sehemu kubwa ya kazi kwenye mifereji iliyo chini ya sakafu, na hasara ikakadiriwa kushuka hadi asilimia 4 na 18. Mabadiliko yalionekana kwa macho, magari yakaanza kufuatana. Kisha wahandisi wakarudi kazini. Kila timu inatafuta kasi kwa gari lake yenyewe na haiwajibiki kumwachia adui hewa safi, hivyo msimu hadi msimu vikaongezwa vipande vinavyoisukuma hewa pembeni, na malalamiko yakarudi. Suzuka, Japani, mwaka 2025, madereva sita wa kwanza walimaliza kwa mpangilio uleule walioanza nao.

Upande wa pili, wa wanaotaka kupita kuwe kugumu, una jibu ambalo mimi nalichukulia kwa uzito. Kabla ya mbio kuna mchujo, na mchujo unampanga mwenye kasi zaidi mbele. Ukishawapanga hivyo, kwa nini wapitane? Suzuka ile ile mwaka 2005, mvua ilivuruga mchujo, Kimi Räikkönen akaanzia nafasi ya 17 na akashinda, akimpita Giancarlo Fisichella katika mzunguko wa mwisho. Magari ya mwaka ule nayo yalitegemea mabawa kupita kiasi, lakini wenye kasi waliwekwa nyuma, na kupitana kukaonekana.

Wanakumbusha pia kwamba ulinzi nao ni ufundi. Imola, Italia, mwaka huohuo wa 2005, Michael Schumacher alimwandama Alonso mizunguko ya mwisho yote bila kumpita, na mwaka uliofuata wakabadilishana nafasi, Alonso akawa wa nyuma naye akashindwa. Hizo ni mbio ambazo watu bado wanazisimulia kwa msisimko. Na wanaolilia zamani wakumbuke kwamba Dijon, Ufaransa, mwaka 1979, pale René Arnoux na Gilles Villeneuve walipogombana gurudumu kwa gurudumu, walikuwa wanawania nafasi ya pili. Mshindi, Jean-Pierre Jabouille, alikuwa ameshawaacha kwa zaidi ya sekunde 14.

Nakubaliana nao kwa mengi. Panaponishinda ni Abu Dhabi 2010, kwa sababu hapo mwenye kasi alikuwa nyuma na bado hakuna kilichotokea. Tena Imola ilinoga kwa kuwa shambulio lilionekana kuwezekana kila kona. Dereva akikaa sekunde moja na nusu nyuma akilinda matairi, hamlazimishi mtu kujilinda.

Dawa iliyoletwa mwaka 2011, na iliyokuwa imeshapitishwa kabla ya Alonso kukwama, ilikuwa DRS, mfumo wa kupunguza ukinzani wa hewa. Ukiwa ndani ya sekunde moja nyuma ya mwenzako kwenye eneo la kipimo, uliruhusiwa kufungua bawa lako la nyuma na kuongeza kasi kwenye sehemu iliyonyooka. Idadi ya kupitana ikapanda. Lakini aliye mbele hakuruhusiwa kujibu kwa silaha hiyo hiyo, na mara nyingi alipitwa kabla hata ya kufika kwenye breki. Na magari yalipopangana manne au matano, kila mmoja akiwa ndani ya sekunde moja, wote wa nyuma walifungua bawa na foleni ikabaki foleni. Sikuwahi kuipenda dawa hii, ingawa nakiri bila hiyo miaka mingi ingekuwa mikavu zaidi.

Kuna jambo la ukubwa, ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Mwaka 2008 uzito wa chini wa gari pamoja na dereva ulikuwa kilo 605. Mwaka 2025 ulifika 800. Mwaka 2017 upana uliongezwa kutoka sentimita 180 hadi 200. Barabara za Monaco hazikuongezwa hata sentimita moja, na mwaka 2024 kumi wa kwanza walimaliza pale kama walivyoanza, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika mbio za Formula 1. Mwaka uliofuata kila dereva akalazimishwa kubadili matairi mara mbili. Kilichotokea ni timu kama Racing Bulls na Williams kumwambia dereva mmoja aendeshe polepole awazuie wengine, ili mwenzake apate nafasi ya kuingia piti. George Russell alichoka, akakata kona na kumpita Alex Albon nje ya njia, akaadhibiwa. Kanuni iligusa ratiba ya piti wakati ugonjwa uko kwenye upana wa gari na wa barabara.

Kanuni za 2026 angalau zimepunguza: uzito wa chini kilo 768, upana sentimita 190. Ningetamani zaidi, walau turudi 180. DRS imeondolewa. Sasa mabawa yanalegezwa na kila dereva kwenye sehemu zilizoteuliwa, na anayefuata kwa karibu anapewa ruhusa ya kutumia umeme wa ziada wa betri. Wenye shaka wanasema ni DRS iliyovalishwa koti jingine, na kwa sehemu ni kweli. Tofauti ni kwamba umeme unakwisha. Anayeutumia wote kupita anaweza kufika kona mbili mbele akiwa mtupu, na aliyepitwa, kama alitunza wa kwake, ana cha kumjibu.