Mashine ya mimba itazame na moyo wa kulia
Huku kwetu kusini, kuanzia Newala hadi Nachingwea, ukitaja ultrasaundi watu wanawaza mimba. Mashine ikishaonyesha mtoto kalalaje, inafunikwa kitambaa hadi kliniki ijayo. Chumba cha pili kalala mama aliyevimba miguu, tumbo limejaa maji, mishipa ya shingo imetuna. Kaandikiwa dawa ya kukojoa na rufaa ya Dar es Salaam kwa kipimo cha moyo.

Naona tunajichelewesha bure. Upande wa kulia wa moyo ndio unaosukuma damu mapafuni, na mapafu ya watu wetu yamepita mengi: wengine TB imewaachia makovu, wengine wamepikia kuni tangu usichana. Mapafu yakikaza, upande huo hutanuka, mwisho huchoka.

Kuutazama hakuhitaji uchawi. Mlaze mgonjwa ubavu wa kushoto, weka probu, kile kichwa cha mashine unachoshika mkononi, pale ncha ya moyo inapogonga, tafuta vyumba vinne. Ventrikali ya kulia, yaani chumba cha chini kinachosukuma damu, inapaswa kuwa ndogo kuliko ya kushoto. Ikilingana nayo, shtuka. Kisha pitisha mstari wa M-modi, unaochora mwendo wa kitu kadiri muda unavyopita, ukingoni mwa pete ya vali ya trikaspidi, lango kati ya vyumba viwili vya kulia, upime inasogea kiasi gani kuelekea ncha moyo unapojikunyata. Chini ya milimita 17, kuna udhaifu. Malizia chini ya chembe cha moyo, kwenye mshipa mkuu unaopandisha damu: upana wake ukizidi sentimita 2.1, na mgonjwa akivuta pumzi ya ghafla kwa pua usinywee hata nusu, presha ya kulia iko juu. Huyo dripu umpe kwa hadhari.

Mabingwa watanigombeza, na wana hoja. Ventrikali ya kulia imejikunja kama mwezi mchanga, haipimiki kirahisi. Zile milimita 17 zinahesabu mwendo wa juu na chini tu, na mstari ukikaa mshazari zinadanganya. Eko kamili, yaani ultrasaundi nzima ya moyo, ibaki kazi yao. Ila mzazi aliyejifungua juzi akibanwa pumzi ghafla usiku, na ventrikali ya kulia imeizidi ya kushoto, lazima uwaze damu iliyoganda mapafuni saa hiyohiyo, si baada ya basi kufika Dar.

Kikwazo halisi ni probu. Ile pana ya mimba haikai vizuri katikati ya mbavu. Ya moyo ina uso mdogo, na hiyo ndiyo ya kuombea bajeti, kabla ya viti vipya vya ofisi. Kwa mshipa mkuu, hata hiyo pana inatosha kuanzia kesho.