Mwizi Yuko Ukurasa wa Sita

Ukoo wetu mpaka leo haujakubaliana mimi nafanya kazi gani. Nikisema ni mwandishi, wananiuliza wa gazeti gani. Nikisema siandiki magazetini, wanadhani natunga hadithi, na mjomba wangu mmoja alishanionea huruma akanipa elfu kumi, akaniambia nisikate tamaa. Ukweli ni kwamba mimi ndiye ninayeandika vile vijitabu vinavyokaa chini kabisa ya boksi. Mtu ananunua friji, anakitoa kijitabu, anafungia vitumbua. Hiyo ndiyo fasihi yangu.

Basi, karakana moja ya Dar es Salaam ikaniita niandike mwongozo wa mashine ya kutotolesha vifaranga. Mashine ndogo, ya mayai 48, ya mfugaji wa nyumbani. Nikapewa picha tano, karatasi ya maelezo ya Kiingereza, na siku nane. Mashine yenyewe sikuiona, eti ilikuwa "inamaliziwa". Kazi yetu iko hivyo. Mwandishi hualikwa harusini sahani zikiwa zinaoshwa.

Siku zile nane zilikwisha kwenye kubishana maneno. Mimi naandika "kihisi joto", fundi mkuu anasema kihisi ndiyo mnyama gani, andika sensa. Mimi naandika "kitufe", yeye anasema batani. Nikamwambia kitufe kimo kwenye kamusi. Akaniuliza kama kamusi inafuga kuku. Lakini nilishinda, kitufe kikabaki.

Palikuwa na jedwali moja. Mayai kwenye mashine ya mkono hugeuzwa angalau mara tatu kwa siku, kiinitete kisigande upande mmoja. Na watu hupenda iwe tatu au tano, isiwe mbili wala nne, ili upande uliolalia usiku wa leo usiwe ndio huohuo usiku wa kesho. Mashine ile ilikuwa na kengele tatu za kumkumbusha mfugaji, na karatasi ya Kiingereza iliandika saa zake 08:00, 14:00, 20:00. Chini yake palikuwa na sentensi niliyoitafsiri kwa raha zangu zote: "Ingiza namba kama zinavyosomeka."

Kesho yake nikalitazama lile jedwali nikaona haya. Mswahili gani anasema saa kumi na nne? Nikalinyoosha: saa 2 asubuhi, saa 8 mchana, saa 2 usiku. Sasa limekuwa Kiswahili. Sentensi ya chini sikuigusa. Nilikuwa nimeipenda.

Kabla mwongozo haujaenda kupigwa chapa, ni lazima ujaribiwe na mtu asiyeijua mashine. Nikamchagua shangazi yangu wa Muheza, ambaye amefuga kuku tangu sijazaliwa na anasoma kila kitu kilichoandikwa, hadi maandishi ya mfuko wa saruji. Nikapanda basi na boksi langu mapajani, Chalinze, Segera, Muheza, nikashuka katikati ya wauza machungwa kama daktari bingwa.

Jaribio hili lina sheria moja tu, nayo ni ngumu kuliko kuandika kwenyewe: msomaji akikwama, usimsaidie. Unaandika tu amekwama wapi. Siku atakayoinunua mashine, wewe hutakuwepo sebuleni kwake. Nikamweleza Shangazi.

"Kwa hiyo nikikuuliza hunijibu?"

"Sikujibu, Shangazi. Leo mimi ni ukuta."

"Umetoka Dar es Salaam kote huko, umekula wali wangu, halafu ni ukuta." Akavaa miwani. "Haya, ukuta."

Mashine ikawekwa chumba cha wageni, kwa kuwa ndicho chenye soketi inayoshika. Mayai yangesubiri mpaka kesho, maana mashine hutakiwa kwanza ikae na joto lake, nyuzi 37.5, bila kupanda wala kushuka. Yalikuwa kwenye trei mbili, akayasukuma chini ya kitanda changu.

Akaanza kusoma, kidole juu ya mstari.

"'Kihisi joto.' Kina hisia hiki?"

Ukuta kimya. Ukuta unaandika.

"'Bonyeza kitufe cha kijani.' Kitufe." Akaizunguka mashine. Akaichungulia nyuma. Akaniangalia. "Baba, kijani kiko wapi?"

Hapo ndipo na mimi nilipotazama vizuri. Palikuwa na batani nne, zote za kijivu. Karakana ilikuwa imepata batani za bei nafuu, na mtu wa mwisho kuambiwa jambo kama hilo duniani ni mwandishi. Nikainamia daftari nikaanza kuandika kwa hasira, ukurasa mzima, rangi, kitufe, karakana, mama zao. Kwa mbali nilimsikia Shangazi akisema, "Lakini saa mbili si ndiyo hii nane ya kwenye simu?" Kisha akajijibu mwenyewe: "'Ingiza namba kama zinavyosomeka.' Haya. Pasomeka mbili. Nisije nikaharibu mashine ya watu."

Ninalo daftari lile mpaka leo. Mstari unaofuata, kwa mkono wangu, unasema: "Msomaji anafuata maelekezo neno kwa neno. Safi sana."

Usiku nikalala. Joto la mashine lile si baya kwa mtu aliyechoka.

Sasa niseme kidogo kuhusu kengele. Katika mwongozo niliandika kwamba mashine "itatoa mlio mwororo wa kukumbusha". Mwororo lilikuwa neno langu. Sikuwahi kuusikia. Karatasi ya Kiingereza ilisema ni mlio, nami nikauonea huruma ukiwa peke yake, nikauongezea sifa.

Mlio ule haukuwa mwororo. Ulikuwa kama lori la mchanga linarudi nyuma ndani ya masikio yako. Niliruka kitandani nikiwa bado usingizini, na mguu wa kulia ukaingia kwenye trei, kwa kuwa Shangazi usiku aliivuta nje kidogo ipate hewa.

Nje nako hakukuwa na amani. Mtaa ule ulikuwa umeibiwa mbuzi mwezi uliopita, na kila mtu alikuwa akilala jicho moja wazi. Mlio ukapenya madirishani, mbwa wakaitikia, mtu akapiga kelele "Mwiziii!", na baada ya hapo hapakuhitajika ushahidi mwingine.

Mimi niko chumbani, ute wa yai mpaka kwenye kifundo cha mguu, tochi ya simu mdomoni, natafuta kwenye kitabu changu mwenyewe namna ya kunyamazisha kengele. Yaliyomo yakasema: "Kengele, tazama 4.3." Nikaenda 4.3. Pale nikakuta: "Kwa maelezo ya kunyamazisha, rejea 2.1." Nikarudi 2.1. Imeandikwa: "Bonyeza kitufe cha kijani."

Shangazi akaingia, khanga kifuani, mwiko mkononi. Akaimulika mashine, akanimulika mimi, akaumulika mguu.

"Sema sasa, ukuta!"

Ukuta haukuwa na la kusema. Akanipita, akainama, akachomoa waya. Kimya kikashuka juu ya Muheza.

"Shangazi," nikasema, kwa sababu kazi ni kazi, "kuna onyo kubwa jekundu linasema usichomoe waya."

"Nimeliona. Ndilo lililonionyesha dawa iko wapi."

Kisha akaitazama ile trei. "Mashine haijaangua hata moja, wewe umeshaangua saba."

Tulipotoka uani palikuwa na watu kama kumi na tano, mapanga, marungu, kijana mmoja na mchi wa kinu. Mbele yao balozi wa nyumba kumi, amejifunga shuka kiunoni na juu amevaa koti la suti, kwa maana hata mwizi hukamatwa na mtu mwenye heshima zake. Shangazi akawaeleza kwamba hakuna mwizi, ni mashine ya kuku. Maelezo haya hayakumtosha mtu hata mmoja. Walikuwa wameamka, na walitaka apatikane mtu.

"Huyu ni nani?" balozi akauliza, akinimulika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mtoto wa kaka yangu," Shangazi akasema. "Ni mwandishi."

"Wa gazeti gani?"

Nikakabidhi kijitabu. Sikuona njia nyingine. Balozi akaketi kwenye kiti kilicholetwa, akashikiwa tochi mbili, akaanza kusoma mwongozo wangu kwa sauti, tangu jalada, kwa ile sauti ya kusomea barua za mkuu wa wilaya. Niseme ukweli, katika miaka yote ya kazi hii sijawahi kusomwa na hadhira kubwa kiasi kile, tena yenye silaha. Alipofika kwenye "mlio mwororo" mwenye mchi aliguna. Alipofika kwenye jedwali akasimama. Akarudia. Akavua miwani.

"Mama, kengele ya saa mbili asubuhi uliandika ngapi?"

"Mbili."

"Ya saa nane mchana?"

"Nane."

"Na ya saa mbili usiku?"

"Mbili tena. Nikajisemea, hii mashine inapenda mbili."

"Wenye simu, sasa hivi inaonyesha ngapi?"

Mwanga wa simu ukawaka uani, mmoja mmoja. Mtoto mmoja akasoma: "Sifuri mbili, kumi na moja."

Balozi akakunja kijitabu taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mwizi nimempata," akawaambia watu wake. "Yuko ukurasa wa sita."

Walicheka mpaka mbwa wakaanza upya. Shangazi hakucheka. Alikuwa amenikazia macho. "Mimi saa naijua tangu ujana wangu," akasema. "Kuona nane nikasema mbili, nimezaliwa nikifanya hivyo. Ningeacha mkono ufanye wenyewe, tungekuwa tumelala. Ni kitabu chako kilichoniambia nisome nilichokiona. Nikasema, nani mimi nibishane na msomi."

Asubuhi tulipanga mayai 41 tukaweka saa upya, safari hii ukuta ukisema. Nilipofika Dar nilimrudishia fundi mkuu namba zake, 08:00, 14:00, 20:00, na pembeni ya kila moja nikachora jua au mwezi pamoja na saa yetu ya Kiswahili. Rangi nikazifuta, nikazipa batani namba, moja hadi nne. Ndiyo, batani. Fundi aliisoma ile kurasa mara mbili bila kusema kitu, akaniagizia chai. Mlio mwororo nikauandika "mlio mkali", na huo ndio mstari pekee katika kitabu kizima ambao hakuna aliyewahi kuulalamikia.

Wiki tatu baadaye simu ikaita nikiwa usingizini. Nikapapasa, nikapokea, moyo unanidunda, maana simu za saa hizo kwa kawaida huwa za msiba.

"Shangazi! Kuna nini?"

"Wameanza kutoka. Mpaka sasa kumi na wawili, na wengine wanagonga."

"Hongera, Shangazi. Lakini saa nane hii ya usiku?"

"Ah," akasema, na nyuma yake nikasikia vifaranga wakilia, "kwako wewe si ni saa mbili asubuhi?"