Hitilafu ikimla mchezaji ni bahati mbaya, ikimlisha ni wizi?

Kila inapozuka habari ya wachezaji walionaswa wakivuna pesa za gemu kupitia mwanya wa kiufundi, hukumu hutoka upesi: hao ni wezi, wafungiwe akaunti, salio lifutwe. Nimeisikia hukumu hiyo hata kwa watu ninaowaheshimu, na bado hainiingii akilini. Hoja inayo, nami nitaieleza. Tatizo ni kwamba inaanza kuhesabu pale mchezaji alipopata, na alichopoteza kabla ya hapo hakimo kwenye daftari.

Nichukue GTA Online, upande wa mtandaoni wa gemu ya uhalifu mjini iitwayo GTA V, kwa kuwa karibu kila aliyewahi kushika pedi ya gemu anaifahamu; GTA V yenyewe imeuza nakala zaidi ya milioni 200. Upande huo wa mtandaoni ulifunguliwa Oktoba 1, 2013, na siku za mwanzo seva zilielemewa vibaya. Wapo waliokwama kwenye mbio za kwanza kabisa za utangulizi, wakiwangoja wenzao ambao hawakufika. Wapo walioingia, wakafanya misheni, wakapanda ngazi, wakanunua gari, kisha siku ya pili wakawasha mashine na kukuta mhusika wao hayupo. Rockstar, kampuni yenye gemu hiyo, walisitisha kwa muda uuzaji wa pesa za gemu kwa pesa halisi, jambo la kiungwana, na wakaahidi kumpa kila aliyecheza mwezi ule dola 500,000 za gemu.

Laki tano inasikika nyingi. Lakini Adder, gari ambalo kila mtu alilitamani wakati ule, liliuzwa milioni moja, kwa hiyo fidia ilikuwa nusu ya gari. Na ukiipima kwa bei ya dukani mwao wenyewe, ambako kadi ya dola 19.99 za Kimarekani ilikupa milioni 1.25, zile laki tano zilikuwa na thamani ya kama dola 8. Aliyepoteza kazi ya wiki nzima alipewa sawasawa na aliyechungulia siku moja akaondoka.

Sasa hoja ya kampuni. Pesa za gemu zina maana kwa sababu ni haba. Mtu akigundua namna ya kuuza gari lile lile mara ishirini, anayeumia kwanza ni mchezaji mwenzake aliyelifanyia kazi gari lake kwa jasho. Mwenye mabilioni ya bure hununua kila silaha iliyopo, na aliyeingia jana anageuzwa shabaha mitaani Los Santos, mji wa kubuni wa gemu hiyo. Kampuni nayo inaendesha seva na kuongeza vitu vipya bila kumtoza mchezaji ada ya kila mwezi, na fedha ya kufanya hayo inatoka kwenye kadi hizo hizo. Mwanzoni mwa 2014 wadukuzi walikuwa wakimwaga mabilioni kwenye akaunti za watu wasiowajua. Rockstar waliziondoa pesa hizo, wakasema aliyezipokea tu hatafungiwa. Kwa hilo walitenda haki na ninawapa heko. Mdukuzi anayeingiza programu yake ndani ya gemu ya wengine simtetei, na sitamtetea hapa.

Ninayemtetea ni yule anayecheza kwa pedi ile ile na vitufe vile vile alivyopewa, akakuta gemu yenyewe inamlipa zaidi ya ilivyokusudiwa. Katika miezi ya mwanzo watu walirudia misheni ya Rooftop Rumble usiku kucha, kwa sababu ililipa vizuri na ilikwisha haraka. Rockstar wakapunguza malipo ya kurudia misheni. Sawa. Kuziba mwanya ni haki ya mwenye nyumba. Ninachokataa ni kumwita mwizi aliyepita mlangoni ulipokuwa wazi, tena mlango ulioachwa wazi na mwenye nyumba mwenyewe.

Twende sasa kwenye jambo linalonikera kuliko yote, nalo ni kusubiri.

Aliyecheza GTA Online kwenye kompyuta anaikumbuka picha ile: kamera iko juu angani, mawingu yanapita juu ya mji, na hakuna kinachotokea. Unakwenda kuchemsha chai, unarudi, mawingu bado yanapita. Toleo la kompyuta lilitoka Aprili 2015, na kwa miaka watu waliamini ndivyo ilivyo; gemu ni kubwa, mtandao ni mzito, subira yavuta heri. Mwishoni mwa Februari 2021 mtaalamu mmoja wa programu anayejiita t0st alichoka kusubiri. Bila kuwa na msimbo asilia wa gemu, alichunguza kompyuta yake inafanya nini katika dakika 6 alizokuwa akisubiri. Haikuwa inangoja mtandao. Haikuwa inapakia mji. Ilikuwa inasoma orodha ya bidhaa za dukani.

Ndiyo, dukani. Faili la megabaiti 10, lenye vitu kama 63,000 unavyoweza kununua kwa pesa za gemu. Na lilisomwa kwa namna ya ajabu. Fikiria muuza duka ambaye kila anapochota kibaba cha mchele hupima kwanza gunia zima kujua limebaki kiasi gani, kisha huchota kibaba kimoja, kisha hupima tena gunia zima. Kompyuta ilifanya hivyo kwa kila kipande cha faili. Baada ya hapo, kila bidhaa ililinganishwa na zote zilizotangulia ili kuhakikisha haijajirudia. Kwa bidhaa 63,000, huo ni ulinganisho karibu bilioni 2. t0st alirekebisha mambo hayo mawili, na dakika 6 zikawa dakika 1 na sekunde 50. Rockstar walithibitisha alichokigundua, wakamlipa dola 10,000, na Machi mwaka huo huo wakatoa sasisho.

Hesabu hiyo siiachi ipite hivi hivi. Tofauti ni dakika 4 na sekunde 10. Anayeingia mara moja tu kwa siku alipoteza zaidi ya saa 25 kwa mwaka. Tukisema ni mchezaji wa kawaida anayepata laki mbili za gemu kwa saa, basi saa 25 ni milioni 5. Kwa bei ile ya kadi, milioni 5 ni kama dola 80 za Kimarekani, za mwaka mmoja, za mtu mmoja. Najua orodha ilikuwa fupi zaidi mwanzoni na ikarefuka kadiri bidhaa zilivyoongezwa, kwa hiyo siwezi kuizidisha hesabu hii kwa miaka yote. Hata ukiikata nusu, bado inauma.

Tena mzigo haukuwa sawa kwa wote. Kazi ile ya kupima gunia hufanywa na prosesa, na prosesa ya t0st ilikuwa ya zamani kidogo. Mwenye mashine mpya ya bei mbaya alingoja muda mfupi zaidi. Aliyenunua kompyuta iliyotumika, kama wengi wetu tunaonunua mashine zilizoshushwa na makontena kutoka Ulaya na Dubai, aliangalia mawingu kuliko wote. Na kama alikuwa kwenye intaneti kafe inayotoza kwa saa, aliyalipia mawingu hayo kwa shilingi zake.

Hasara hiyo ilikuwa na jina gani? Tatizo la kiufundi. Hakuna aliyeitwa mwizi wa muda. Sikuona hata mchezaji mmoja akirudishiwa saa zake kwa njia ya pointi, yaani hizo pesa za gemu, na salio la kampuni halikufutwa. Lakini mchezaji akikuta kosa linalomlipa mara mbili kwa kazi moja, lugha inageuka ghafla: udanganyifu, ukiukaji wa masharti, adhabu. Mkuki kwa nguruwe.

Watetezi wa kampuni watanijibu kwamba masharti yako wazi: pesa za gemu si mali yako, umepewa ruhusa tu ya kuzitumia, nayo inaweza kuondolewa. Kisheria wako sahihi. Ila hoja hiyo inakata pande mbili. Kama pointi si mali, basi kuzipata kupitia kosa hakuwezi kuwa wizi. Kinachobaki ni kuvunja kanuni za mchezo, kama kuotea kwenye mpira, na aliyeotea hafungiwi maisha. Na kama ni mali kiasi cha kumwita mtu mwizi, basi waliopoteza wahusika wao Oktoba 2013 walistahili zaidi ya nusu ya gari.

Kuna waliolishughulikia jambo hili kwa utu. Kampuni ya Bungie walipotoa Destiny, gemu ya kupiga risasi, Septemba 2014, wachezaji waligundua pango ambalo maadui walitoka mfululizo. Ulisimama mbali, ukapiga risasi kwenye tundu jeusi, ukakusanya zawadi. Watu walipanga mstari, wageni kwa wageni, wakielekezana pa kusimama. Bungie waliliziba pango mwezi huo huo wakasema si hivyo walivyotaka gemu yao ichezwe. Hawakuwapokonya watu walichokusanya. Baadaye waliweka ndani ya pango kikumbusho kidogo kwa walioketi pale. Kuna tofauti, nakiri: zawadi za Destiny hazikuuzwa kwa kadi, kwa hiyo pango lile halikumkatia mtu mapato. Labda hapo ndipo penye jibu la kwa nini upole unapatikana kwingine na kwingine haupatikani.

Ningependa kampuni inayouza pointi iweke daftari moja la pande zote mbili. Ikiwa ina uwezo wa kujua kwamba akaunti fulani ilipata milioni 3 zisizo halali Jumanne usiku, ina uwezo pia wa kujua kwamba akaunti ile ile ilitupwa nje na seva ikiwa imebakiza dakika mbili kumaliza misheni. Kumbukumbu ni zile zile.

Desemba 16, 2021 seva za GTA Online za PS3 na Xbox 360 zilizimwa. Kadi zilikuwa zimeacha kuuzwa miezi mitatu kabla, na nafasi ya kuhamisha mhusika kwenda mashine mpya ilikuwa imefungwa tangu Machi 2017. Aliyerudia Rooftop Rumble hadi alfajiri, aliyeuza gari moja mara ishirini, na aliyetoa dola 19.99 zake taslimu, salio lao lilizimwa dakika moja.