Msimwache peke yake na hedifoni

Jumapili iliyopita nilifika kwa mama, Mbagala, saa nane mchana. Mdogo wangu alikuwa chumbani amelala chali, pazia limeshushwa, hedifoni kubwa nyeusi masikioni. Nyumba kimya. Mama yuko uani anachambua mchele, watoto wameambiwa wakacheze kwa jirani. Nikauliza kuna nini. "Yuko kwenye tiba," mama akanijibu kwa sauti ya chini.

Tiba yenyewe ni faili la sauti la saa tatu. Baba mdogo alilituma kwenye grupu la familia, likiwa na picha ya ubongo unaong'aa zambarau na maelezo kwamba midundo ya bainora, yaani sauti mbili zinazotofautiana kidogo, kila sikio na yake, inaunganisha upya mishipa ya fahamu iliyokatika. Familia ikachanga shilingi 85,000, hedifoni ikanunuliwa. Anasikilizishwa asubuhi, anasikilizishwa tena mchana. Na kwa kuwa mgonjwa sasa anatibiwa nyumbani, Alhamisi hakupelekwa mazoezi. Wala Alhamisi ya kabla yake.

Mnaonisoma tangu mwaka jana mnajua yaliyompata: abiria wa bodaboda, kichwa wazi, ukingo wa barabara. Aliumia upande wa kushoto wa ubongo, kwa hiyo mkono na mguu wa kulia vikalegea na maneno yakapotea. Miezi kumi tumekuwa tukiyarudisha moja moja. Ndiyo maana lile pazia lililoshushwa limenikaa rohoni wiki nzima.

Midundo yenyewe si uongo, hilo lazima niliseme. Ukilipelekea sikio la kulia sauti ya hezi 400, yaani mitetemo 400 kwa sekunde, na la kushoto hezi 410, utasikia mdundo unaopwita mara 10 kwa sekunde, ambao huko nje haupo. Unazaliwa kwenye shina la ubongo, pale habari za masikio mawili zinapokutana. Heinrich Wilhelm Dove, mwanafizikia wa Prussia, aliugundua katika karne ya 19, na mwaka 1973 Gerald Oster akauandikia makala katika Scientific American. Lakini mdundo huu unahitaji hedifoni. Niliambiwa kwamba kabla ya kuinunua, faili lilipigwa kwa spika ya simu iliyowekwa mezani, na kila mtu akaona kijana ametulia. Kwa spika moja, hakuna sikio linalopata sauti yake peke yake, kwa hiyo siku ile hapakuwa na midundo ya bainora hata kidogo. Alitulia kwa sababu nyumba nzima ilinyamaza na dada yetu mkubwa alikaa kitandani akamshika mkono.

Wanaolisambaza wanasema mawimbi ya umeme ya ubongo huufuata mdundo: mdundo ukiwa wa taratibu, ubongo nao unaingia kwenye mawimbi ya taratibu, na hayo ndiyo ya uponyaji. Mwaka 2023 jarida la PLOS ONE lilichapisha uchambuzi wa tafiti 14 zilizopima jambo hilo hilo la mawimbi kufuata mdundo. Tano ziliunga mkono, nane zilipinga, moja ilikaa katikati. Hapo ni kufuata tu, bado hatujagusa habari ya kuponya jeraha. Tena mawimbi ya taratibu mno, yakionekana kwa mtu aliye macho, daktari anayesoma kipimo cha mawimbi hayo huyachukulia kama dalili ya mahali palipoumia. Mdogo wangu hakupungukiwa na mawimbi ya taratibu.

Basi kuna faida gani? Nikubali, kwa shingo upande, kwamba ipo kidogo. Mwaka 2005 madaktari wa Uingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa 108 waliokuwa wanasubiri upasuaji. Waliosikilizishwa midundo hii, wasiwasi wao ulipungua kwa asilimia 26. Waliosikiliza sauti ile ile bila midundo, 11. Wasiosikiliza chochote, 4. Kwa mtu asiyepata usingizi tangu ajali, hicho si kitu cha kudharau. Usiku, baada ya daktari wake kuridhia, faili na lipigwe. Nataja daktari kwa sababu mdogo wangu ameshapata degedege mara mbili tangu aumie na yuko kwenye dawa za kifafa, na hakuna aliyempigia daktari simu kumuuliza kabla ya kumvika mgonjwa hedifoni saa sita kwa siku.

Shida yangu ni mchana.

Mwezi wa tatu baada ya ajali hakuwa anaweza kutamka jina la kitu chochote. Unamwonyesha kijiko, anakitazama, anakijua, anaigiza kula, neno haliji. Anajipiga paja kwa hasira. Siku moja binti yangu wa miaka sita akaingia chumbani bila kupiga hodi na kusema, "Shikamoo mjomba." Akajibu, "Marahaba." Wazi, bila kukwama, kama zamani. Mama alidondosha bakuli la uji.

Tulidhani amepona. Mtaalamu wa tiba ya usemi akatueleza kwamba maneno tuliyoyarudia tangu utotoni, salamu, kuhesabu, sala, nyimbo, mara nyingi husalia hata pale maneno ya kutafuta yanapokuwa yamefungiwa. Akasema salamu ile ni mlango, tuupitie. Kwa hiyo binti yangu akapewa kazi. Kila jioni anamwamkia mjomba wake, akishajibiwa anaongeza swali moja dogo. "Marahaba" ikawa "marahaba, hujambo". Baada ya wiki nyingi ikawa "marahaba, lete maji". Hilo la maji lilitoka siku ya Jumatano na mimi sikuwepo, nilipigiwa simu ofisini nikatoka nje kulia kwenye ngazi.

Hivi ndivyo ubongo ulioumia unavyojifunza upya: kwa kutumika. Anajaribu, anakosea, anasahihishwa, anarudia mara mia. Mkono wa kulia unalazimishwa kushika kikombe hadi njia nyingine ipatikane. Hata muziki ulipothibitika kusaidia, haukuwa mdundo usio na mwenyewe. Huko Helsinki, mwaka 2008, watafiti walifuatilia watu 60 waliopata kiharusi. Waliosikiliza muziki walioupenda wenyewe, angalau saa moja kila siku kwa miezi miwili, kumbukumbu yao ya maneno na umakini viliimarika kuliko waliosikiliza vitabu vya sauti na wale wasiopewa chochote. Boston, mwaka 1973, Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm walieleza namna ya kumrudishia mtu usemi kwa kuimba sentensi fupi, huku mkono wa kushoto ukipiga mdundo. Gabrielle Giffords, mbunge wa Marekani aliyepigwa risasi kichwani Januari 2011, alisaidiwa na nyimbo kuyafikia maneno. Aliimba yeye, kwa kinywa chake, na mtu yuko mbele yake akiimba naye.

Lile faili halimtaki mdogo wangu afanye lolote. Na sisi linaturuhusu kuondoka chumbani.

Hapo ndipo ninapomwelewa mama, na hapo ndipo hasira inaponiishia. Ana miaka 64. Anamgeuza kitandani mwanamume mzima, anamwogesha, anamlisha, anavumilia pale kijana anapomtupia sahani kwa kukosa neno la kusema ameshiba. Bajaji kwenda mazoezini na kurudi ni shilingi 24,000, kila wiki, na foleni ukiikuta ndefu unarudi saa kumi na moja jioni. Halafu anakuja mtu mwenye heshima katika ukoo anamwambia, mvike hii, kaa upumzike, inafanya kazi yenyewe. Ningekuwa mimi ningeivika. Ni nani mwingine aliyewahi kumwambia mama yangu apumzike? Sisi watoto wake tulichanga fedha za hedifoni ndani ya dakika ishirini. Zamu za kukaa na mgonjwa tulizipanga mwezi wa kwanza, na kufikia mwezi wa tano zilikuwa zimebaki kwake peke yake. Mimi nikiwemo.

Aliyeumia ubongo naye huchoka, hilo ni kweli. Nusu saa ya mazungumzo inaweza kummaliza, kelele zinamuumiza, anahitaji giza na utulivu. Lakini saa sita za mchana ni mchana wote. Na watoto wamepelekwa kwa jirani ili wasimsumbue. Yule yule mtoto aliyemfungulia "marahaba".

Nilimvua hedifoni taratibu. Alifungua macho, akanitazama, akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea dirishani, upande zinakotoka sauti za watoto. Nilienda kuwaita.

Tumekubaliana na mama. Hedifoni ni ya usiku, na daktari ataulizwa. Alhamisi mbili za kila mwezi nampeleka mimi mazoezini, mbili kaka yetu wa Kibaha. Jumamosi mama anaenda kwa dada yake Temeke na simu yake inabaki kimya, tumeshamwambia.

Baba mdogo, najua unasoma. Shikamoo. Najua ulituma kwa upendo, na najua pia uliumia ulipokuja mwezi uliopita, mtoto uliyemlea asikuamkie. "Marahaba" inamtoka kwa kuwa mtu amemwanzia. "Shikamoo" lazima aianze mwenyewe, na kuanza ndiko kunakomshinda. Inafika kwenye "shi" inakwama. Njoo Jumamosi ukae naye nusu saa. Akikutazama akaanza kuhangaika na midomo, tulia, usimmalizie.